Kipima mwanga cha mtumba kinapogoma gizani: dalili, chanzo na dawa

Saa mbili usiku, mzunguko wa Mnara wa Saa hapa Moshi. Kamera iko juu ya stendi ya miguu mitatu, filamu imebakiza picha nne, na mshale wa kipima mwanga umelala kwenye sifuri kana kwamba mji mzima umezimwa. Mchana wa siku hiyo hiyo mshale ulikuwa unaruka vizuri kila nilipouelekeza barabarani, na ndiyo maana nilitoa shilingi 60,000 bila kubishana sana. Tangu usiku ule wenzangu kadhaa wa Moshi na Arusha wameniletea mita zao za mtumba, na wengi huanza kwa maneno yale yale: "Mchana iko poa, usiku haieleweki." Ukisikiliza vizuri unakuta magonjwa ni tofauti kabisa. Mengine yana dawa ya shilingi elfu mbili. Mengine hayana dawa, na ilibidi uyajue kabla ya kulipa.

Kwanza namba moja, kwa sababu kila kitu huko mbele kinaitegemea. Mwanga hupimwa kwa EV. Kwa ISO 100 (ISO ni wepesi wa filamu kupokea mwanga), EV 0 ni apacha, yaani tundu la lenzi, f/1 kwa sekunde 1. Namba ikipanda moja mwanga umeongezeka mara mbili, ikishuka moja umebaki nusu. Hatua hiyo moja ndiyo stopu. Jua kali la mchana ni EV 15. Ndani ya duka lenye taa nzuri ni 6 au 7. Mtaa wenye taa ni 4 au 5, lakini sogea hatua chache kutoka chini ya nguzo utakuta 1 au 0. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, yenye theluji chini ya mwezi mpevu iko karibu na EV -2. Kutoka jua la mchana hadi hapo ni stopu 17, yaani mwanga umepungua zaidi ya mara 130,000. Kifaa kinachosoma vizuri juu kabisa ya ngazi hiyo hakijakuahidi chochote kuhusu chini yake.

Kwa hiyo ukimuuliza muuzaji "inafanya kazi?" atakujibu ndiyo, na atakuwa hajadanganya. Muulize inashuka hadi EV ngapi kwa ISO 100. Kama hajui, jina na modeli vilivyoandikwa mgongoni vitakusaidia kutafuta jibu kwenye simu mkiwa hapo hapo.

Mshale unacheza mchana, usiku unalala

Geuza mita uitazame usoni. Kama ina dirisha pana lenye vituta vidogo vidogo kama sega la nyuki, na hakuna mahali popote pa kuweka betri, hiyo ni mita ya seleniamu. Mwanga ukigonga seleniamu unazalisha umeme kidogo, na umeme huo ndio unaosukuma mshale. Ni ufundi mzuri, na kwa picha za mchana bado naupenda. Lakini usiku hakuna mwanga wa kutosha kuzalisha umeme wa kusukuma chochote. Weston Master za zamani, Leningrad za Urusi na Sekonic L-398 ziko kwenye ukoo huu. L-398 ikiwa nzima kabisa inaishia EV 4. Chini ya hapo haijaharibika, imefika mwisho wake.

Hii ndiyo niliyonunua mimi. Nimeeleza kwa sababu ndiyo mita inayopatikana kwa urahisi zaidi, inavutia macho, haihitaji betri, na muuzaji anaweza kukuonyesha inavyocheza papo hapo juani.

Wengi hujaribu kupandisha ISO kwenye duara la mita, wakitumaini itaona zaidi. Haitaona. Duara lile ni la hesabu tu. Linabadilisha jibu, halibadilishi jicho.

Kama tayari unayo na huna hela ya nyingine, kuna njia moja ya kuivuta kidogo. Weka karatasi nyeupe ya kuchapia mahali palipo na mwanga ule ule wa kitu unachopiga, isogelee mita hadi karatasi ijaze jicho lake, soma, halafu zidisha muda mara 5. Karatasi nyeupe inarudisha mwanga mara 5 hivi kuliko rangi ya kijivu ambayo mita zote zimepangiwa. Umepata stopu 2 na ushee za bure. Kwa mitaa ya katikati ya mji inatosha. Kwa mlima usiku, sahau.

Seleniamu pia huzeeka, hasa ikiingiwa na unyevu. Jua likiwa wazi bila wingu, kwa ISO 100 mita inatakiwa kukupa karibu f/16 kwa 1/125. Ikikupa f/8 kwa 1/125 juani, seli imechoka, na sijawahi kukutana na fundi hapa kwetu aliyeifufua.

Mita inasoma gizani, lakini picha zote zinatoka giza

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure, kwa sababu watu hutupa mita nzima yenye kasoro ya betri.

Mita za kizazi kilichofuata seleniamu zinatumia jicho la kadimiamu salfaidi, CdS kwa kifupi. Hizi zinaona gizani kweli. Gossen Lunasix 3, ambayo Marekani iliuzwa kwa jina la Luna-Pro, inashuka hadi EV -4. Kwa bei ya mtumba sijui mita nyingine ya mshale inayompa mpigapicha wa usiku mengi kiasi hicho. Ila ilitengenezwa kwa betri mbili za zebaki aina ya PX625, kila moja volti 1.35, na betri hizo zina zebaki ambayo dunia imeamua kuachana nayo. Marekani ilizipiga marufuku mwaka 1996, na nchi nyingine zimefuata.

Dukani utauzwa betri yenye umbo lile lile kabisa, imeandikwa 625A au LR9. Inaingia kama iliyozaliwa pale. Tatizo ni kwamba ni alkalaini ya volti 1.5. Mbili zinakupa volti 3 badala ya 2.7, mshale unasukumwa mbele kuliko inavyostahili, mita inaamini mwanga ni mwingi, inakupa muda mfupi, na picha inatoka giza. Isitoshe volti ya alkalaini inashuka polepole kadiri inavyotumika, kwa hiyo kosa la wiki hii si kosa la mwezi ujao. Huwezi kulifidia kwa kukariri.

Utajuaje? Mita ya aina hii ina kitufe cha kupima betri na alama mahali mshale unapotakiwa kusimama. Ukipita alama, volti imezidi. Usifurahi ukidhani betri ina nguvu.

Lunasix yangu niliipeleka kwa fundi saa mmoja mzee, anayekaa na kimeza chake chini ya baraza. Nilimwamkia, akaitikia "Marahaba baba," akaipokea kwa mikono miwili. Alivua kifuniko cha betri kwa ncha ya kisu, akazitazama betri kwa kioo chake cha jichoni, akazipima moja moja kwa testa. Ya kwanza 1.58. Ya pili 1.57. Akaniuliza kitabu cha mita kinasema ngapi. Nikamwambia 1.35. Akanirudishia betri kiganjani.

"Hii haijafa, baba. Unaishibisha kupita kiasi."

Njia mbili zinafanya kazi. Ya kwanza ni betri za zinki na hewa, namba 675, zile za vifaa vya kusaidia kusikia. Zina volti 1.4 na hazishuki hadi zinapokaribia kufa. Uliza kwenye maduka ya dawa makubwa au kwa wanaohudumia wagonjwa wa masikio. Ni nyembamba kuliko 625, kwa hiyo zinahitaji pete ndogo ya mpira zisicheze ndani. Ukibandua karatasi yake, iache dakika moja au mbili ivute hewa ndipo uiweke. Kuanzia hapo inajimaliza yenyewe hata usipoitumia, kwa wiki kadhaa hadi miezi michache. Mimi nabandua siku ninayojua nitatoka.

Njia ya pili ni betri za oksidi ya fedha, SR44, volti 1.55, ambazo fundi saa yeyote anazo. Nazo hazishuki, ila ziko juu kwa volti 0.2. Fundi anachomea dayodi ya Schottky kwenye njia ya umeme, na kila dayodi inakula takribani hiyo 0.2. Mzee wangu aliweka mbili, moja kwa kila betri, akafunika na kipande cha plastiki. Mshale wa kupima betri ukasimama ndani ya alama. Usikubali LR44 badala ya SR44 kwa kuwa zinafanana kwa umbo: herufi ya kwanza ndiyo yenye maana, L ni alkalaini na S ni fedha.

Betri sahihi, mita kimya kabisa

Fungua sehemu ya betri utazame vyuma kwa mwanga wa tochi. Ukiona unga mweupe au kutu ya kijani, betri ya mwenye mita wa kwanza ilivuja. Chovya kijiti cha pamba kwenye siki kidogo, sugua taratibu, fuatisha kijiti chenye spiriti, acha ikauke. Uvujaji wa alkalaini hutulizwa na asidi hafifu, ndiyo maana siki inafaa. Limau nalo linafaa kama siki haipo. Kama bado kimya, fuata waya unaotoka kwenye kile chuma. Mara nyingi kijani kimepanda ndani ya waya, na ukiuvuta kidogo unakatika kama uzi uliooza. Hiyo ni kazi ya dakika kumi kwa fundi redio. Muuzaji akikataa kukufungulia sehemu ya betri, usinunue.

Namba inabadilika na mimi sijasogea

Jicho la CdS lina kumbukumbu. Likitoka kwenye mwanga mkali linahitaji muda kuzoea giza, na ukipima mara moja linasoma juu kuliko ukweli. Umetoka ndani ya hoteli yenye taa kali ukasimama nje kupima barabara, utapata namba. Subiri dakika mbili upime tena, utapata nyingine ndogo. Ya pili ndiyo ya kuamini. Mimi naitembeza mita ikiwa imefunikwa mfukoni, naitoa napofika. Na kwenye mwanga mdogo kabisa shikilia kitufe hadi mshale utulie. Unatambaa pole pole kama unatafuta mahali pa kukaa, na ukiachia mapema utakuwa umeufunga njiani.

Kama mshale umeganda upande mmoja baada ya wewe kufuta kioo kwa kitambaa kikavu, umeingiza umeme tuli kwenye kioo, nao ndio unauvuta. Pumulia kioo mara mbili, utaachia. Vumbi la kiangazi hapa linatufanya tufute kila saa, kwa hiyo hili linatokea zaidi ya unavyodhani.

Mambo mengine ni ya barabarani tu. Bodaboda ikipita na taa yake kamili, namba yako ya wakati huo haina maana.

Kioo kinaandika E.u

Hii ni ya mita za kisasa zaidi zenye kioo cha namba na jicho la silikoni, kama Sekonic L-308S. Herufi hizo zinakwambia mwanga uko chini ya uwezo wake, na uwezo wa L-308S unaishia EV 0. Minolta Autometer IV F inashuka hadi -2. Zote mbili zinatumia betri moja ya AA, ile ya rimoti, inayopatikana kwenye kila kioski kuanzia Pasua hadi Ngarenaro. Jicho la silikoni halina kumbukumbu kama la CdS. Kwa mtu anayepiga mitaa, masoko ya jioni na harusi za usiku, ningemwambia achukue mojawapo ya hizi kabla ya mita ya mshale, hata kama anaongeza hela kidogo.

Kabla hujalaumu mita, angalia lile kuba jeupe. Likiwa mbele ya jicho, unapima mwanga unaoangukia kitu. Likiwa pembeni, unapima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu. Ukielekeza mita kwenye jengo la mbali huku kuba limefunika jicho, limekula mwanga na E.u itatokea mahali ambapo haikustahili. Na kuba lililogeuka manjano kwa uzee, au mita inayouzwa bila kuba, lipia nusu au acha.

Mita nzima, mnara umeungua

Simama mbali na Mnara wa Azimio kule Arusha usiku, elekeza mita, piga. Anga litakuwa la kijivu chafu na mnara utakuwa mweupe usio na umbo. Mita imefanya ulichoiomba: imechanganya anga jeusi na mnara wenye taa ikatoa wastani, na kwa kuwa eneo jeusi ni kubwa imedhani kila kitu ni giza, ikakupa muda mrefu.

Dawa ni kusogea. Kama unaweza kufika chini ya zile taa, weka kuba mbele, simama mahali mnara ulipo, elekeza kuba upande kamera itakakosimama, soma. Anga halitaingia kwenye hesabu. Kama huwezi kusogea, unahitaji mita ya nukta, inayotazama eneo dogo la digrii 1 tu. Pentax Digital Spotmeter na Minolta Spotmeter F zinapatikana mtumba, lakini zote zinaishia EV 1, na bei yake ni ya juu. Kwa majengo yenye taa ni nzuri sana. Kwa mwezi mpevu juu ya mlima, bado nachukua Lunasix.

Mita nzima, hesabu sahihi, filamu bado giza

Wenye kamera za dijitali waruke hapa.

Filamu ikipigwa kwa muda mrefu inachoka: sekunde kumi za mwanga hafifu haziiandiki sawasawa na hesabu ya mita. Mita haijui hilo. Ilford, watengenezaji wa filamu, wanatoa kanuni rahisi: chukua sekunde za mita, zipandishe kwa kipeo cha filamu husika. Kwa HP5 Plus kipeo ni 1.31. Sekunde 10 za mita zinakuwa 20, na 30 zinakuwa 86. Fomapan 100, ambayo ni ya bei nafuu na wengi tunaipenda, inachoka vibaya zaidi: sekunde 10 zinahitaji 80. Fuji Acros 100 haihitaji nyongeza hadi dakika 2.

Sasa weka yote pamoja kwa Kibo. EV -2, filamu ya ISO 400, apacha f/2.8: mita itakwambia sekunde 8. HP5 inataka 15. Aliyepiga 8 akapata giza atairudisha mita kwa muuzaji, nayo haina kosa lolote.

Mtihani wa machweo, kabla hujalipa

Kama muuzaji anakubali, nenda jioni. Karibu na ikweta jua likizama giza linaingia upesi: ndani ya dakika 20 hivi mwanga unaanguka kutoka EV 7 au 8 hadi karibu na 0. Ni kama stopu moja kila dakika 3. Hakuna maabara ya bure iliyo bora kuliko hiyo.

Tafuta ukuta wa rangi moja usio na taa jirani. Chukua kamera ya dijitali ya rafiki iwe shahidi, ISO 100, ijaze ukuta mtupu. Kuanzia saa 12 na nusu, kila dakika tatu soma mita, soma kamera, andika namba mbili sambamba kwenye daftari. Tofauti ikiwa ile ile kuanzia mwanzo hadi mwisho, tuseme stopu 1 kila safari, mita ni nzima. Unahamisha ISO kwenye duara kwa stopu hiyo moja na mnaishi vizuri. Tofauti ikianza sifuri kisha ikakua kadiri giza linavyoingia, kuna kasoro ya betri au seli, na sasa unajua upande wa kuanzia. Mshale ukikwama EV 4 wakati kamera imeshafika 1, rudisha mita mezani, shukuru, ondoka na hela yako.

Lunasix niliipima hivyo, nimekaa kwenye kigoda cha muuzaji huku akifunga duka lake. Kwenye ukurasa ule wa daftari tofauti inasomeka nusu stopu mwanzoni, nusu katikati, nusu mwishoni, na mstari wa mwisho nimeandika kwa mwanga wa simu niliyoifunika kwa kidole: EV -2, mshale bado unatambaa.